Tundu kwenye Ndara

Kila asubuhi Mitchelle alibeba gunia lake dogo akazunguka vibanda vya mboga vya Kianda, mtaani Kibera, akiomba majani ya sukuma wiki yaliyozeeka, maganda ya karoti na mabua ya kabeji. Hayo yote yalikuwa chakula cha Chapo. Chapo alikuwa sungura wa mviringo, mwenye mabaka ya kahawia kama chapati iliyosahauliwa kidogo motoni, na jina hilo alipewa na Jeremy, ndugu yake Mitchelle wa miaka saba, ambaye mawazo yake hayakuwa mbali na chakula.

Sungura huyo alitoka kwa Mwalimu Wabwire, mlezi wa chama cha sayansi shuleni. Kila mwanachama wa darasa la sita alipewa mmoja amlee, na Jumatatu sungura hao wangepimwa uzito mbele ya wazazi. Mitchelle alitaka sana Chapo ashinde. Tatizo ni kwamba kazi ya kuomba majani ilimtia aibu. Elvis wa jirani na wenzake walipomwona na gunia walimpigia kelele, "Niaje, Mama Sukuma!" Siku kama hizo alikuwa akitembelea vibanda viwili tu, kisha anarudi nyumbani na gunia nusu.

Ni huyo huyo Elvis aliyemwambia kwamba ukingoni mwa msitu, ng'ambo ya nyumba za mwisho, kulikuwa na nyasi laini ambazo hakuna mtu anayezikata. Mama yao, Caren, alikuwa amekwisha kusema lake kuhusu msitu huo.

"Huko sitaki kuona mguu wako wala wa Jeremy," alisema. "Siku nikisikia mmeenda, huyo sungura ataingia sufuriani, na wewe utakuwa wa kwanza kupakuliwa."

Jumamosi hiyo mama aliondoka saa mbili kwenda mtaa wa Nyayo Highrise kufua nguo za watu. Baba yao, Oketch, alikuwa kwenye kazi ya ujenzi, mjengo wa Kitengela, na angerudi mwisho wa mwezi. Mitchelle aliachiwa nyumba, sungura na Jeremy. Saa tatu haijagonga vizuri, alikuwa amefunga mlango, amemshika Jeremy mkono, na gunia li begani.

Elvis hakudanganya. Nyasi zilikuwa nyingi na nzuri, na kwa nusu saa walikata huku Jeremy akiimba. Kisha Jeremy akaona fungu zuri zaidi kando ya gogo, akaruka kulifikia. Mitchelle alisikia mvumo wa pumzi, kama tairi linalotolewa upepo. Alipogeuka aliona kitu kinene, kifupi, chenye alama za kahawia na manjano mgongoni, kinajivuta polepole chini ya gogo. Jeremy alikuwa ameketi chini akishika mguu wa kushoto. Kwanza hakulia, akamtazama tu dada yake kwa mshangao. Kisha maumivu yakafika, akapiga yowe ambalo Mitchelle hakuwahi kulisikia likitoka kwa mtu.

Alimbeba mgongoni. Alikimbia, akajikwaa, akainuka, akakimbia tena. Njiani kichwa chake kilikuwa na mambo mawili yaliyogombana: kwamba Jeremy ameumwa na nyoka, na kwamba mama atajua walikokuwa. Ukimuuliza leo ni lipi lilimtisha zaidi wakati ule, hakufichi. Lilikuwa la pili.

Nyumbani aliangalia mguu. Upande wa nje, chini kidogo ya kidole cha mwisho, palikuwa na tundu moja dogo lenye damu. Moja tu. Jino la pili la nyoka lilikuwa limeangukia ukanda wa ndara ya Jeremy, na ukanda ukakatika. Tundu moja! Mitchelle akaona mlango wa kutokea. Alitafuta nyuma ya nyumba mpaka akapata msumari wenye kutu, akaupaka damu ya mguuni, akaisukuma ile ndara chini ya kizimba cha Chapo.

"Jeremy, nisikize. Ulikanyaga msumari. Sawa? Ukisema tulienda msituni, Chapo atapikwa. Niahidi."

Jeremy alikuwa anatetemeka, machozi na kamasi vimechanganyika. "Naahidi," akasema.

Mama Elvis, jirani yao, alisikia kilio akampigia Caren simu. Caren alifika kabla ya saa sita, mikono bado ina povu la sabuni, akambeba mtoto hadi kituo kidogo cha afya cha Sarang'ombe. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Mumbi. Aliutazama ule mguu, akakunja uso.

"Umevimba haraka sana," akasema. "Ni nini hasa kilichomchoma?"

Mitchelle alitoa msumari mfukoni. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha baadaye alipokumbuka.

Daktari Mumbi hakuridhika. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Jeremy. "Kijana, niambie wewe. Ulikanyaga nini?"

Jeremy alimtazama dada yake. Midomo ilikuwa imemkauka. "Msumari," akasema.

Basi alitibiwa msumari. Alisafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa ya maumivu. Daktari Mumbi, ambaye bado alikuwa na wasiwasi, aliagiza abaki pale kitandani. Ilipofika saa saba na nusu uvimbe ulikuwa umepita kifundo cha mguu. Saa nane ulikaribia goti. Ngozi ilikuwa imenyooka mpaka inang'aa, na karibu na vidole ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Caren alikaa ukingoni mwa kitanda akiomba kwa Kiluo, maneno yaleyale mara kwa mara.

Mitchelle alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kusema. Neno lilifika kooni, likakwama, likarudi. Kadiri saa zilivyosonga ndivyo lilivyozidi kuwa zito, kwa sababu sasa hakuwa tena msichana aliyekwenda msituni, bali msichana aliyeonyesha daktari msumari. Akatafuta njia nyingine ya kumponya Jeremy bila kufungua mdomo, na akadhani ameipata.

Kule Kawangware aliishi Babu Oluoch, mjomba wa mama yao, fundi wa viatu. Kila mtu wa kwao alijua habari zake: aliwahi kuumwa na nyoka kule nyumbani Nyakach, akawekewa jiwe jeusi linalofyonza sumu, na akapona. Mitchelle aliwaza kwamba angelipata jiwe hilo, angelificha chini ya bendeji ya Jeremy, lingefyonza kila kitu, na hakuna ambaye angejua chochote. Alihitaji kisingizio tu cha kumwendea fundi wa viatu. Alirudi nyumbani mbio, akaitoa ndara chini ya kizimba, akashika njia.

Alipita mtaa wa Olympic, akavuka Barabara ya Ngong, akafuata njia za ndani, anakimbia hadi kifua kinawaka moto, anatembea, anakimbia tena. Ilikuwa karibu saa tisa alipofika sokoni Kawangware. Babu Oluoch alikuwa kwenye kibanda chake kando ya duka la Kinyanjui la vyuma, sindano ya kushonea viatu mkononi, miwani puani.

"Eh! Mitchelle mama! Mbona umeloa jasho hivi?"

"Shikamoo Babu. Mama amenituma... ndara ya Jeremy imekatika."

"Amekutuma kutoka Kibera mpaka huku na ndara ya plastiki? Mafundi wa Kibera wamehama wote?" Alicheka, akaipokea, akaanza kuigeuza.

"Babu," Mitchelle akasema, akijaribu kuifanya sauti iwe ya kawaida, "lile jiwe lako la nyoka bado unalo?"

Sindano ilisimama. Babu Oluoch akaiweka chini. Aliinua ukanda wa ndara karibu na macho, akauelekeza kwenye mwanga. Kulikuwa na tundu jembamba, la mshazari, na kuzunguka tundu doa la manjano lililokauka.

"Mimi natoboa ngozi na plastiki tangu mama yako hajazaliwa," akasema polepole. "Mwiba au msumari hutoka chini, ukapasua soli. Hili limetoka juu, na soli ni nzima. Mitchelle, ni nani ameumwa?"

"Hakuna mtu, Babu. Nilikuwa nauliza tu."

Babu Oluoch alikunja suruali ya mguu wa kulia hadi gotini. Mitchelle alijua siku zote kwamba Babu huchechemea, lakini hakujua kwa nini. Mguu wote kutoka goti kwenda chini ulikuwa wa bandia.

"Tazama kupona kwangu," akasema. "Lile halikuwa jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Waliliweka kwenye jeraha, likaganda, wakasema linafyonza. Siku tatu nililala nikisubiri mfupa wa ng'ombe unifyonze sumu. Nilipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeoza. Nilikaa nalo miaka mingi kwa sababu niliona haya kusema nilidanganyika. Mwishowe nikalitupa kwenye moto wa jiko, nikachemshia chai. Haya, niambie. Ni Jeremy?"

Hapo machozi yalitoka, na maneno yakafuata, yote kwa pamoja: msitu, gogo, kile kitu kinene, msumari, ahadi. Babu Oluoch alisikiliza mpaka neno la nyoka mfupi mnene mwenye kuvuma, akasema, "Kifutu." Hakumgombeza. Alibonyeza simu yake, akamwekea mkononi.

"Mama yako huyo. Sema wewe."

"Babu, tafadhali sema wewe—"

"Mimi sikuwepo. Daktari atauliza nyoka alikuwaje, saa ngapi, na mimi sitajua. Sema!"

Simu ilipokelewa. Nyuma ya sauti ya mama yake Mitchelle alimsikia Jeremy akiguna.

"Mama, si msumari," akasema. "Ni nyoka. Tulienda msituni. Nilidanganya. Ilikuwa saa nne asubuhi, Mama. Alikuwa mnene, ana alama mgongoni, Babu anasema ni kifutu. Mama, mwambie daktari sasa hivi."

Mitchelle akasikia viatu vya mama yake vikikimbia, na sauti yake ikiita, "Daktari! Daktari Mumbi!"

Babu Oluoch alifunga kibanda kwa kamba, akasimamisha pikipiki ya Mutie, mteja wake wa siku nyingi, na wote watatu wakapanda. Mitchelle alibanwa katikati, ndara kifuani. Njia nzima alikuwa akisema moyoni, asife, asife, asife, mpaka neno likapoteza maana.

Walipofika Sarang'ombe walimkuta Daktari Mumbi amesimama mbele ya meza, macho kwenye kichupa cha kioo kilichokuwa na damu ya Jeremy. Kando yake aliweka saa.

"Damu nzuri huganda ndani ya dakika ishirini," alimweleza Babu bila kugeuka. "Isipoganda, sumu imeenea. Bado dakika mbili. Gari la wagonjwa nimeliita tayari."

Dakika mbili hizo hazikutaka kwisha. Caren hakumtazama binti yake hata mara moja. Mitchelle aliona afadhali angepigwa.

Daktari akashika kichupa, akakiinamisha. Damu ilitiririka upande mmoja kama maji.

"Haijaganda," akasema. "Twende!"

Walimpeleka katika hospitali kubwa ambako Daktari Mumbi alikuwa amekwisha kuhakikisha kwa simu kwamba dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo. Kabla jua halijatua ilikuwa inadondoka ndani ya mshipa wa Jeremy. Mara mbili mwili wake ulitetemeka na wauguzi wakaja mbio. Mara moja ufizi wake ulitoka damu. Caren alimshika mkono mmoja, Babu Oluoch akashika ukuta. Mitchelle aliketi sakafuni nje ya mlango wa wodi, na hapo ndipo alipolala.

Jumapili baada ya ibada Daktari Mumbi alikuja kumwona mgonjwa wake, ingawa haikuwa zamu yake. Alimkuta Mitchelle palepale mlangoni.

"Atapona?" Mitchelle akauliza.

"Ataishi. Damu yake imeanza kuganda. Mguu hautakatwa." Daktari akaketi karibu naye sakafuni. "Lakini vidole viwili vya mwisho vimekufa, na nyama kidogo ya pembeni. Hivyo itabidi viondolewe."

"Si alipewa dawa?"

"Alipewa. Mmesoma habari za seli?"

Mitchelle aliitikia kwa kichwa. Mwalimu Wabwire aliwaonyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini, vijumba vidogo vimepangana.

"Basi kila seli ya mwili wako imevikwa utando mwembamba sana. Utando huo umejengwa kwa mafuta ya aina yake, yanaitwa fosfolipidi. Ukitoboka, seli humwagika ikafa. Sasa, mwilini tuna vimeng'enya, hivyo ni kama vijifundi, kila kimoja na kazi yake. Viko vinavyojua kukata fosfolipidi, na jina lake ni fosfolipesi. Hata wewe unavyo, vinakusaidia kusaga mafuta uliyokula na kukarabati seli. Lakini vyako vinafanya kazi kwa wakati wake na mahali pake. Sumu ya nyoka imejaa vimeng'enya vya namna hiyo, na haviulizi ruhusa kwa mtu."

"Vinakata seli za Jeremy?"

"Utando wake. Kimoja hukata, kinaachia, kinakwenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Mkasi ukikata kitambaa, mkasi hauishi. Na hivyo ndivyo vilivyo, haviishi wala havichoki, na sumu ina vingine vingi vya kuvisaidia. Dawa tuliyompa inavikamata vile vilivyobaki. Seli zilizokwisha kukatwa haiwezi kuzirudisha."

Mitchelle alihesabu bila kutaka. Saa nne, saa tano, saa sita, saa saba, saa nane, saa tisa. Wakati yeye anapaka msumari damu, vilikuwa vinakata. Wakati anasimama mlangoni na neno kooni, vilikuwa vinakata.

"Ningesema asubuhi—"

"Sijui kama tungeokoa vidole vyote," Daktari Mumbi akasema. "Sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba nilimtibu kwa saa tatu ugonjwa ambao hakuwa nao. Na hili pia ulijue: ungesubiri hadi jioni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo."

Alimwongoza ndani. Jeremy alikuwa ameamka, uso umevimba, sauti nyembamba. Alipomwona dada yake alijaribu kutabasamu, akamwita kwa kidole asogee karibu ili mama asisikie.

"Mitch," akanong'ona. "Mimi sikusema. Daktari aliniuliza mara nyingi, mguu ulikuwa unauma sana, lakini sikusema. Chapo hajapikwa, sivyo?"

Mitchelle alipiga magoti kando ya kitanda akalia mpaka shuka ikalowa. Ni hapo ndipo Caren aliweka mkono wake mgongoni mwake kwa mara ya kwanza tangu jana, akauacha hapo.

Chapo hakupikwa, wala hakupimwa uzito. Jumatatu Mitchelle alisimama mbele ya chama cha sayansi akaeleza kwa nini hakumleta. Alisema yote, hata habari ya msumari. Elvis hakumwita Mama Sukuma tena, na asubuhi mbili tatu alionekana nyuma yake kwenye vibanda, amebeba gunia, macho chini.

Mwezi ulipokwisha, Caren aliwapeleka watoto Kawangware. Babu Oluoch alikuwa amesema kiatu cha kwanza cha Jeremy baada ya hospitali atakishona yeye, chenye pamba upande wa vile vidole viwili vilivyoondolewa, ili asichechemee. Aliweka kipande cha kadibodi chini, Jeremy akakanyaga, na Mitchelle akapewa penseli azungushe.

Alizunguka kisigino, akapanda na upande wa ndani, akapitia kidole gumba na viwili vinavyofuata. Alipofika pale palipokuwa tupu, mkono wake ulitaka kuendelea. Akauchora mstari wa nje vizuri, kama vile vidole vingali pale.

Babu Oluoch aliichukua kadibodi, akaitazama, akairudisha.

"Futa," akasema kwa upole. "Huo si mguu wake."

"Babu, nilitaka tu uwe mzuri."

"Najua. Na mimi nilitaka mguu wangu uwe umepona, nikawaacha watu waamini mfupa wa ng'ombe, mpaka wewe ukaja kuniomba." Akavua miwani. "Sikiza, mama. Daktari akipewa uongo anatibu mtu ambaye hayupo. Mimi ukinipa uongo nitamshonea kiatu mtu ambaye hayupo. Huyu aliyepo ndiye atakayeumia. Ukikosea, sema ulivyokosea, na useme mapema, hata kama sauti inatetemeka. Haya, chora ulivyo."

Mitchelle alifuta. Aliinama tena, akashika mguu wa ndugu yake kwa mkono wa kushoto, na safari hii penseli ikaingia ndani pale mguu ulipoingia, karibu kabisa na kovu. Jeremy alicheka kwa sababu ya mtekenyo, akachezesha vidole vyake vitatu.

"Tulia," dada yake akamwambia. "Nataka nipate sawasawa."